Mtumba, Kibaba na Mtungi wa Hewa: Historia Fupi ya Kupima Hewa katika Njia ya Unyanyembe

Mtu akisimama ufukweni Kigoma, akamkuta mpiga mbizi anajitayarisha kushuka katika Ziwa Tanganyika, kisha akamwuliza mtungi alioubeba mgongoni una hewa kiasi gani, yaelekea atajibiwa, "Mia mbili." Wapiga mbizi huelewana kwa jibu hilo, na hatuna haja ya kuwaingilia katika kazi yao. Walakini, tukilitazama kwa jicho la istilahi, hilo si jibu la swali lililoulizwa. Mia mbili ni hesabu ya baa, yaani ukubwa wa msukumo wa hewa juu ya kuta za mtungi. Swali lilikuwa juu ya kiasi cha hewa. Mtungi wa lita 10 na mtungi wa lita 15 huweza yote miwili kusoma mia mbili, ilhali wa pili una hewa inayozidi ile ya kwanza kwa nusu nzima.

Mchanganyiko huu haukuanza na wapiga mbizi. Fundi wa baiskeli mjini Tabora huambiwa na mteja wake, "Niongezee upepo," naye huongeza. Neno "upepo" hapo hubeba mambo mawili kwa pamoja: hewa iliyomo ndani ya tairi, na ugumu wa tairi lenyewe. Kwa baiskeli neno hilo linatosha, wala hakuna aliyepata kudhurika kwa sababu yake. Lakini anayeshuka majini akichanganya mambo hayo mawili huweza kukosa pumzi akiwa mita 20 chini ya uso wa ziwa. Kwa hiyo tumeona inafaa kulichunguza jambo hili kwa njia ya historia, na hasa historia ya barabara ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapitia Unyanyembe, ambapo leo ni Tabora, hadi Ujiji. Katika barabara hiyo hewa ilipimwa tangu mwaka 1857, na kosa moja dogo la kuipima liliwagombanisha wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi.

Kwanza tuwatazame wapagazi, maana wao walikuwa na elimu ya vipimo kabla ya kipimajoto cha kwanza kufika Kaze. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari: merekani iliyotoka viwanda vya Marekani, kaniki ya Bara Hindi, na nguo nyingine za rangi. Ilihesabiwa kwa mikono, kwa shuka ya mikono minne, na kwa doti ya shuka mbili. Nguo hizo zilikunjwa, zikafungwa, zikakazwa kwa kamba mpaka mtumba ukawa mgumu kama gogo, mzigo wa mtu mmoja wenye uzito wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 au zaidi kidogo. Mtumba uliolegea ulimsumbua mpagazi njiani, na mtumba uliokazwa vema ulikaa begani. Lakini hakuna mpagazi aliyedhani kwamba kwa kuukaza mtumba doti ziliongezeka. Alijua kuwa mtumba una ukubwa wake, una ugumu wake, na una hesabu ya doti zilizomo, na kwamba hayo ni mambo matatu.

Vivyo hivyo katika nafaka. Kiswahili cha karne ya 19 kilitenganisha kibaba cha mfuto, ambacho kilisawazishwa juu kwa mkono au kijiti, na kibaba cha tele, ambacho kilijazwa kikafanya kichuguu. Chombo ni kile kile, lakini kilichomo si kile kile. Mnunuzi ambaye hakutaja ni kibaba cha namna gani alikuwa amejitakia hasara. Tunaonelea kwamba hapo ndipo penye kiini cha habari yote ya mtungi wa mpiga mbizi. Tofauti ni kwamba nafaka hukubali kichuguu kidogo tu, na hewa hukubali kushindiliwa mara mia mbili.

Sasa tuje kwenye kupima hewa yenyewe. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha, kwa mrija wa zebaki, kwamba hewa ina uzito nayo hutulemea sote. Mwaka 1648 shemeji yake Blaise Pascal alipanda mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa namna hiyo, akaona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda. Tangu hapo ikawa wazi kuwa mtu anaweza kujua amepanda juu kiasi gani kwa kupima uzito wa hewa iliyobaki juu ya kichwa chake. Lakini mrija wa zebaki ni wa kioo, tena mrefu, na hauwezi safari ya miezi mitano ya miguu. Wasafiri wakatumia njia nyingine iliyo rahisi: walibandika maji motoni. Maji huchemka pale ambapo mvuke wake unapata nguvu sawa na hewa inayoyalemea. Hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka mapema. Pwani huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi. Tabora, iliyo juu ya bahari kwa takriban mita 1,200, huchemka katika nyuzi 96 hivi. Na ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 773 juu ya bahari, huchemka katika nyuzi 97 na nusu kasoro kidogo. (Mama mpishi wa Tabora ana haki basi kulalamika kwamba maharage yake hukawia kuliko ya dada yake wa Bagamoyo.)

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kaze mwezi Novemba 1857, wakapokewa vizuri na wafanya biashara Waarabu, na mwezi Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye alisafiri tena na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron, hata tukathubutu kusema kuwa hakuna mtu mwingine aliyeshuhudia upimaji mwingi wa nchi hizi kuliko yeye. Vyombo vya safari ile viliharibika njiani. Kipimajoto kilichotumika katika kupima ziwa kilikuwa cha kawaida, cha kupimia maji ya kuoga, wala hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa kipimajoto hicho Speke alipata kwamba ziwa liko futi 1,844 juu ya bahari, yaani mita 562. Tukilinganisha na mita 773 za kweli, alikosa kwa mita zaidi ya 200.

Msomaji asimcheke Speke haraka. Kwa kuwa kila mita 300 hivi hushusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja tu, kosa lote hilo linatokana na robo tatu ya nyuzi, au pungufu, katika kipimajoto cha kuogea. Lakini robo tatu hiyo ilikuwa na matokeo makubwa. Mwaka 1864 Samuel Baker alifika ziwa ambalo wenyeji waliliita Luta Nzige, yeye akaliita Albert, akalikadiria futi 2,720. Ikiwa Tanganyika iko futi 1,844 na Albert iko futi 2,720, basi maji ya Tanganyika hayawezi kupanda kwenda Albert, na Tanganyika si chanzo cha mto Nile. Burton, ambaye wakati huo alikuwa amekosana na Speke, alikishambulia kipimajoto kile kile ambacho msafara wake mwenyewe ulikitegemea, akadai kuwa ziwa liko juu zaidi, na kwamba maji yake hutoka kaskazini kuelekea Nile. Wataalamu wa jiografia wa London walibishana juu ya jambo hilo kwa karatasi na wino, wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ufukweni.

Katika ubishi huo wote, jambo tunaloliona kuwa la kusikitisha ni hili. Mwaka 1858, kaskazini mwa ziwa, wenyeji walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Habari hiyo ilitosha kuumaliza ubishi hata bila ya kipimajoto. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Rusizi, wakaona maji yakiingia, kama walivyosema wenye ziwa. Na mwezi Mei 1874 Cameron aliuona mto Lukuga upande wa magharibi, ambako maji ya Tanganyika hutoka kwenda Lualaba na hatimaye mto Kongo. Kinachostahili kukumbukwa ni kwamba katika suala la kimo Burton alikuwa na haki: Tanganyika kwa kweli iko juu kuliko Albert, kwa mita 150 hivi, maana Baker naye alikosa, tena kwa upande wa kuzidisha. Kipimajoto kilikuwa kibovu kama alivyosema, na nadharia yake bado haikuwa ya kweli.

Kisa cha pili kilitokea Kwihara, karibu kabisa na Tabora, katika Oktoba 1873. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walifika hapo wakiubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo. Walimkuta Cameron, mgonjwa wa homa. Pamoja na mwili walikuwa wameleta vyombo vya marehemu: vipimahewa, dira, vipimajoto na kipima pembe cha kusomea jua. Cameron alitaka mwili uzikwe hapo hapo. Watu wale wakakataa katakata, wakaendelea na safari mpaka pwani. Lakini vyombo vingi alivichukua, akaondoka navyo kwenda Ujiji na ng'ambo ya pili ya bara. Mhariri wa shajara za Livingstone alinung'unika baadaye kwamba ni kipimajoto kimoja tu kilichofika Uingereza.

Kwa nini manung'uniko hayo yatuhusu sisi tunaoshughulika na maneno? Kwa sababu kila chombo kina kosa lake la asili, na namba aliyoiandika msafiri haina maana kamili mpaka chombo kirudi kwao kikapimwe upya, ili ijulikane kilikuwa kikizidisha au kikipunguza. Wapagazi walikuwa wamevichukua vyombo vile, pamoja na mwili, kutoka Chitambo hadi Unyanyembe, kwa uaminifu ambao dunia nzima iliusifu. Vilipoachana na daftari pale Kwihara, namba za vimo alizoandika mwenye daftari zilibaki bila shahidi wake. Cameron naye alivitumia vizuri, akalipima ziwa kuwa zaidi ya futi 2,700, karibu zaidi na ukweli kuliko Speke, ingawa sasa alizidisha. Hatusemi alikuwa mwizi. Tunasema tu kwamba namba isiyojulikana ilianza kuhesabiwa kutoka wapi ni kama kibaba kisichojulikana kuwa cha mfuto au cha tele.

Tufike sasa katika maneno yenyewe. Kwa dhana tunayoizungumzia, Kiswahili cha leo kina maneno kadhaa yanayoshindana. "Shinikizo" zamani lilikuwa jina la chombo cha kukamulia mafuta. Leo limekwisha kuhamia katika damu na katika siasa, na hapana shaka litakaa huko. "Mgandamizo" hutumiwa na watabiri wa hali ya hewa wanaposema juu ya mgandamizo mdogo katika Bahari ya Hindi, na wasikilizaji wa redio wamelizoea. "Presha" ni la hospitali na la gereji. Na vitabu vya fizikia vikatuletea "kanieneo", neno lililoungwa kutokana na kani na eneo.

Wako wanaolicheka neno "kanieneo" kuwa halina ladha. Sisi tunaonelea kwamba wanaolicheka hawajalisikiliza. Linaeleza jambo ambalo maneno mengine hayalielezi, yaani kwamba hapa tunatazama kani kwa kadiri ya eneo inapoangukia. Gurudumu jembamba la baiskeli huweza kuwa na kanieneo kubwa kuliko gurudumu la lori, huku hewa iliyomo ni kidogo mno. "Mgandamizo" twapendekeza liachwe kwa tendo lenyewe la kushindilia: kukaza mtumba ni mgandamizo, kujaza mtungi kwa mashine ni mgandamizo, na kinachosomwa baada ya hapo ni kanieneo. Hatutamani kuwanyang'anya watabiri wa hali ya hewa neno lao. Katika redio halimdhuru mtu. Twasema tu kwamba katika hesabu lisitumike kwa maana mbili.

Tukitumia maneno hayo, habari ya mtungi inakuwa nyepesi. Ujazo wa mtungi ni nafasi iliyomo ndani, ile ambayo ingejazwa na maji. Tuseme lita 12. Ujazo huo haubadiliki, uwe mtungi umejaa au mtupu. Kanieneo ni baa 200. Kwa kanuni aliyoitoa Robert Boyle mwaka 1662, hewa iliyoshindiliwa mara 200 katika lita 12 ingejaza lita 2,400 kama ingeachiwa huru pwani. (Katika kanieneo kubwa kama hii kanuni hiyo hukosa kidogo, lakini kosa ni dogo, nasi tuliache.) Hizo lita 2,400 ndizo doti za mtumba wetu. Zina uzito wa karibu kilo 3, na mtungi wa chuma pamoja na hewa yake hauzidi sana frasila moja, nusu ya mzigo wa mpagazi.

Hata hivyo neno "lita" peke yake halitoshi. Hewa hiyo hiyo ikiachiwa huru Tabora, ambapo kanieneo ya hewa ni baa 0.88 tu, itajaza lita zaidi ya 2,700. Hakuna hewa iliyoongezwa. Kwa hiyo atakayeandika "lita za hewa" bila kutaja kanieneo amerudia kosa la kutotaja mfuto na tele.

Mpiga mbizi anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, akishuka mita 20 baharini ambako kanieneo ni baa 3, huvuta hewa mara tatu, sawa na lita 60 za juu kwa kila dakika. Mtungi wake ungekwisha kwa dakika 40. Na akiweka akiba ya baa 50, kama wafanyavyo wenye busara, ana dakika 30. Aliyejibu "mia mbili" hajatupa hata namba moja kati ya hizo.

Katika Ziwa Tanganyika kuna jambo jingine. Kwa kuwa uso wa ziwa uko mita 773, kanieneo ya hewa hapo ni baa 0.92 badala ya moja. Kipimo cha kina ambacho ndani yake kimefungiwa hewa ya pwani hukaa katika sifuri mpaka mtu ameshuka karibu mita moja, na tangu hapo husoma pungufu kwa kadiri hiyo. Ni kosa la aina ile ile iliyowapata Speke na Baker: chombo hakisemi uongo, ila kinahesabu kutoka mahali pengine. Kwa ajili hiyo twapendekeza istilahi mbili. "Kanieneo kamili" iwe ile inayohesabiwa kutoka utupu usio na hewa kabisa. "Kanieneo zidifu" iwe ile inayohesabiwa kutoka hewa ya mahali ulipo, ambayo ndiyo isomwayo na kipimo cha mtungi na cha tairi. Tairi lililoisha upepo lina kanieneo zidifu ya sifuri, lakini hewa imo bado, ya kanieneo kamili sawa na iliyo nje.

Majedwali ya kupiga mbizi mengi yametungwa kwa hesabu ya bahari, na kwa kawaida huhitaji kusahihishwa mahali palipo juu zaidi ya mita 300. Kigoma imepita kiwango hicho. Aidha, naitrojeni ambayo mwili umeinywa chini ya maji huhitaji muda wa kutoka polepole, na kanieneo ikipunguzwa upesi huweza kufanya viputo katika damu na viungo. Mpiga mbizi anayepanda kutoka ziwani jioni na kushika njia ya Tabora usiku ule ule, kwa gari au kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikifuata nyayo za misafara, anapanda tena zaidi ya mita 400. Kwake safari ya kupanda kutoka majini haijaisha pale alipotoa kichwa nje ya maji, na inampasa angoje.

Ugonjwa huo wa viputo bado hauna jina la Kiswahili lililokubaliwa. "Ugonjwa wa kupanda" tumelisikia likipendekezwa, nasi hatulipendi, maana wapanda Kilimanjaro nao wana wao, ambao ni mwingine kabisa. "Ugonjwa wa mbizi" ni afadhali. Na anayepiga mbizi tusimwite mzamiaji, ijapokuwa neno ni sahihi, kwani mitaani mzamiaji amekwisha kuwa mtu aliyejificha melini kwenda Ulaya bila tikiti.